Pedali Iliyogoma Jumapili

Mara ya kwanza ilitokea wakati wa maombi ya toba, na kama ningepewa nafasi ya kuchagua, ningeomba itokee wakati mwingine wowote: wakati wa matangazo, wakati wa sadaka, hata wakati wa kwaya ya watoto, ambayo hakuna anayeisikiliza isipokuwa mama zao. Mchungaji alikuwa ameinua mkono. Watu walikuwa wameinamisha vichwa. Mimi nilikuwa nimemaliza ubeti wa mwisho wa wimbo wa kwanza na kuondoa vidole kwenye kinanda, lakini kinanda hakikunyamaza. Sauti ya mwisho, ile laini inayoiga nyuzi tunayopenda kuiweka chini ya sauti ya piano, iliendelea kuvuma kanisani. Mchungaji akangoja. Nikainua mguu kutoka kwenye pedali, sauti ikaendelea. Nikauinua zaidi, mpaka goti likagonga ubao wa chini ya kinanda, sauti bado ipo. Dada mmoja wa safu ya mbele akafungua jicho moja kunitazama. Mwishowe, kwa hofu tu, nikaikanyaga pedali kwa nguvu, na sauti ikakatika pale pale.

Mtu asiyepiga kinanda hawezi kujua kwa nini jambo hilo lilinitoa jasho, kwa hiyo nieleze kidogo. Kinanda chetu ni cha stima, kile cha kubebeka chenye funguo themanini na nane, hakina nyuzi wala nyundo ndani yake. Pedali ni kipande cha chuma na mpira kinachokaa sakafuni, na waya wake unaingia nyuma ya kinanda. Ukiikanyaga, sauti zinabaki zikilia hata ukiondoa vidole. Ukiiachilia, zinanyamaza. Kazi yake ni hiyo tu. Basi sauti ikibaki bila wewe kutaka, kosa linaweza kuwa mahali pawili. Ama pedali imeharibika, ama mguu haukuinuka.

Na mimi mguu wangu wa kulia nilikuwa nimeacha kuuamini.

Nilipimwa nikapatikana na sukari nikiwa bado nafundisha darasa la nne, karibu kustaafu. Niliipokea kama watu wengi wa rika langu wanavyoipokea, yaani nilipunguza sukari kwenye chai mbele ya watu. Vidonge nilimeza. Kliniki nilikwenda. Lakini baada ya kustaafu, miezi michache kabla ya maombi yale ya toba, nilianza kuhisi kama nimevaa soksi nene ilhali niko miguu mitupu. Mguu wa kulia ndio ulioanza. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, wakati baridi ya Machakos inapomfanya mtu avae koti ndani ya nyumba, nilisimama jikoni kwenye saruji nikichemsha maziwa, na nikagundua kwamba mguu wa kushoto ulikuwa unaumwa na baridi na wa kulia haukuwa na habari.

Mama yangu alikuwa na ugonjwa huo huo. Alikuwa mkulima huko Kalama. Siku moja nilipokwenda kumwona nilimkuta ameketi nje akipepeta mbaazi, mguu ameunyoosha mbele, na kwenye wayo wake kulikuwa na mwiba wa mgunga ulioingia wote. Alikuwa ametembea nao siku mbili. Mimi ndiye niliyeuona. Nilipomwonyesha alicheka, akasema labda ameokota kuni bila kujua. Mwezi haukuisha kabla hospitali haijamkata mguu chini ya goti. Sikutaka kulifikiria jambo hilo, na ndilo nililolifikiria kila jioni nilipovua viatu.

Sikumwambia mtu. Kliniki muuguzi aliniuliza kila mara kama miguu iko sawa, nami nikamjibu kwamba iko sawa. Mara moja aliniambia nivue viatu aangalie mwenyewe, nikamwambia gari langu linaondoka. Nilikuwa nimekuja kwa miguu. Mtu aliyefundisha watoto miaka thelathini na zaidi anajua uongo ukisemwa, na anajua pia kuusema vizuri.

Jumapili iliyofuata nilifika mapema na kukiweka kiti changu mshazari kidogo, ili kila nikitaka niweze kuangalia chini nikione kiatu changu. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kasi. Kufika mstari wa pili sauti zilikuwa zimerundikana, noti ya kwanza bado inalia na ya kumi imeshafika, wimbo wote umeshikana kama uji ulioachwa motoni. Nikatazama chini. Kiatu kilikuwa hewani. Nilikiona kwa macho yangu mawili, ncha yake imeinuka kutoka kwenye pedali, nafasi ya kidole kizima kati yake na chuma, na bado sauti zinalia. Nilifurahi. Waumini walikuwa wakiimba habari za mateso ya msalaba na mimi nilikuwa natabasamu peke yangu kwenye kinanda, kwa sababu pedali ilikuwa mbovu na mguu wangu haukuwa na hatia.

Furaha hiyo ilinibeba hadi Alhamisi.

Alhamisi ndiyo siku yangu ya mazoezi. Kanisa huwa tupu, mlango wa nyuma nina ufunguo wake. Niliwasha swichi kuu ukutani kule nyuma, nikatembea mpaka mbele nikiwa na pamba na chupa ndogo ya spiriti mkobani, tayari kwa upasuaji. Kabla ya kusafisha chochote nilitaka kwanza kusikia ugonjwa wenyewe. Nikaketi, nikapiga, nikakanyaga. Sauti ikabaki. Nikaachilia. Sauti ikanyamaza. Nikarudia mara nyingi, polepole, haraka, kwa mguu wa kulia, kwa mguu wa kushoto. Pedali ilikuwa nzima.

Nilikaa pale nimeshika pamba yangu. Pedali ambayo ni mgonjwa Jumapili na mzima Alhamisi, ni pedali au ni mimi? Jumapili kuna watu, kuna wasiwasi, kuna mchungaji anayetazama saa. Nikajiambia nisikate tamaa ya kuupata ubovu. Nikachomoa waya, nikaisafisha ile ncha ya chuma kwa spiriti mpaka ikang'aa, nikaurudisha mpaka nikausikia ukishika. Nyuma ya kinanda kuna matundu matatu yanayofanana, na mtu akichomeka pedali kwenye tundu la jirani mambo huharibika. Nikahakikisha iko kwenye tundu lake. Nikaingia kwenye mipangilio kwa kile kioo kidogo cha maandishi, maana pedali inaweza kupewa kazi nyingine bila wewe kujua. Kazi yake ilikuwa ile ile. Hata sakafu niliichunguza. Tangu tuwekewe vigae pedali huteleza, na mimi huweka chini yake kipande cha kapeti. Nilikikuta mahali pake.

Jumapili ya tatu ikagoma tena.

Baada ya ibada kiongozi wa kwaya alinifuata. Ni msichana mpole, anauza kwenye duka la dawa mjini, na upole wake ndio ulioniumiza. Aliniuliza kama niko sawa. Kisha akasema kwamba kama nimechoka wanaweza kuimba nyimbo mbili tatu bila kinanda, hakuna atakayelalamika. Nikamwambia kinanda ndicho kilichochoka. Aliitikia kwa adabu, lakini nilimwona akitazama viatu vyangu, au nilidhani ametazama viatu vyangu. Mtu anayeuza vidonge vya sukari anajua wateja wake, na mimi ndiyo maana nilikuwa nanunua vyangu duka la mbali.

Jumatatu niliibeba pedali kwenye mfuko mpaka kwa fundi wa redio, karibu na stendi ya magari ya Masinga. Aliifungua. Ndani kulikuwa na vumbi na mdudu mmoja aliyekauka. Aliipima kwa mita yake, akaibonyeza kwa kiganja mara nyingi akitazama mshale, akaniambia kwamba hii pedali ni mzima kuliko sisi sote. Nilimwomba aangalie tena. Akaangalia. Nilimwomba aupime na waya wenyewe, labda umekatika mahali ndani kwa ndani, na akaupima huku ameukunja, ameunyoosha, ameuvuta. Hakuna kitu. Kijana wa watu alianza kunitazama kama mteja mwenye matatizo mengine. Sikujua namna ya kumweleza kwamba nilikuwa namsihi apate ubovu.

Nikaazima pedali nyingine kutoka kanisa la jirani. Hiyo ilikuwa na kitufe kidogo tumboni cha kugeuza kazi yake, ili kukanyaga kuwe kuachilia na kuachilia kuwe kukanyaga, kwa vile vinanda havikutengenezwa vyote na mtu mmoja. Alhamisi nilikijaribu kitufe upande huu na upande ule, nikizima na kuwasha stima kila mara. Hakikubadilisha chochote, kinanda kilipiga vizuri pande zote mbili. Jumapili nikaichomeka, nikaketi mahali pangu, ibada ikaanza, na pedali ya jirani ikafanya yale yale ya pedali yetu.

Hapo ndipo usingizi ulipoanza kupungua. Pedali mbili haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja. Lakini kiatu nilikuwa nimekiona hewani. Nilijaribu hata kuishi na ubovu. Nilikuwa nimeshagundua kwamba Jumapili kila kitu ni kinyume, ukikanyaga sauti inakufa na ukiachilia inabaki, basi Jumapili moja nikaamua nitapiga kinyume. Nyimbo mbili nilizimaliza salama. Wa tatu mguu ukasahau, ukarudi kwenye mazoea ya miaka arobaini, na kwaya nzima ikageuka kunitazama. Nikaingia chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kumalizia ibada kwa vidole vitupu bila pedali. Ilisikika kama mtoto anayejifunza.

Lililobaki lilikuwa ni kumlaumu mtu, na nilimpata.

Stima ya kanisa letu inatunzwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kupanda milingoti ya umeme. Ni rika la marehemu mume wangu na ni mtu wa utani, isipokuwa kwenye mambo ya swichi. Miaka ya nyuma stima ilipotea wakati wa ibada, ikarudi kwa kishindo, ikaunguza amplifaya mbili siku moja. Tangu hapo aliweka sheria yake. Kila kitu kinakaa kimezimwa mpaka mchungaji atokee mlangoni, halafu yeye mwenyewe, kule nyuma, anainua swichi kuu moja, na spika, maikrofoni, feni na kinanda vyote vinaamka kwa pamoja. Vitufe vya vyombo vyenyewe huachwa vimebonyezwa daima, na juu yake amebandika utepe mweusi wa gundi ili asitokee mjuaji wa kuvigusa. Sisi wapiga vyombo tunakuwa tumeshaketi, vidole tayari. Tulimtania kwamba anangojea kuzindua bwawa la umeme kama rais. Lakini amplifaya hazikuungua tena, na sheria ikawa kama sehemu ya ibada.

Nilimfuata baada ya Jumapili ile ya chooni. Nilimwambia swichi yake ndiyo inayotuharibia kinanda, kwamba Alhamisi nikiwasha mwenyewe hakuna shida, na yeye akiwasha kinapata wazimu. Niliyasema mbele ya watu na kwa sauti ya darasani. Alikunja waya wa maikrofoni polepole mpaka mwisho, akautundika, akaondoka. Jioni nilijisikia vibaya, nikaandaa maneno ya kumwomba msamaha, lakini yeye ndiye aliyenipigia simu siku ya Ijumaa.

"Mwalimu," akasema, "Alhamisi ukiwasha, unawasha ukiwa wapi?"

Nikamwambia nawasha ukutani, swichi ile ile, halafu natembea mpaka mbele.

"Na mimi nikiwasha Jumapili, wewe uko wapi?"

"Niko kwa kiti yangu."

Akaniambia nije Jumamosi saa nne, tufanye kila kitu vile hufanywa Jumapili, hata viatu nivae vya Jumapili. Nilicheka. Nilitaka jibu na nililiogopa. Nilipiga pasi nguo ambayo ilikuwa imeshapigwa pasi.

Jumamosi kanisa lilikuwa limeoshwa na sakafu bado ilikuwa na unyevu karibu na mlango. Mzee alikuwa na miwani puani na kijitabu mkononi, kile kilichokuja na kinanda kwenye boksi, ambacho nina hakika hakuna mtu aliyewahi kukifungua kati yetu. Alikuwa amekisoma siku mbili. Hakutaka kunieleza chochote kwanza. Alinituma nikae kwenye kiti, akaenda nyuma, akapaza sauti kwamba mchungaji anaingia, akainua swichi. Nikapiga. Sauti zikarundikana. Akazima. Akaniambia nisimame, nitoke kabisa, nikae kwenye benchi la wamama. Akawasha. Nikaja, nikapiga, pedali nzima. Akazima. Nikarudi kitini. Akawasha. Mbovu. Tulifanya hivyo mara nne, mimi nikienda na kurudi kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, na mara zote nne matokeo yalikuwa yale yale.

Mara ya tano alizima na hakuwasha. Alikuja mbele, akapita katikati ya mabenchi taratibu, kijitabu kikiwa chini ya kwapa.

"Kaa vile wewe hukaa ukiningoja," akasema.

Nikakaa. Mgongo wima, mikono pajani, mguu wa kushoto nyuma, wa kulia kwenye pedali. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa chuoni na mwalimu aliyekuwa na rula: mguu unaiegemea pedali bila kuibonyeza, unaigusa tu, ili wimbo ukianza usianze kuitafuta. Sijawahi kukaa namna nyingine.

"Umeikanyaga?"

"Sijaikanyaga. Nimeigusa tu."

Alinitazama, akatazama chini, akanitazama tena. Alivua miwani. Nilimjua mzee huyu kwa miaka mingi na sikuwahi kumwona akitafuta maneno.

"Mwalimu, hebu inama uangalie."

Niliinama. Pedali ilikuwa imelala. Kiatu changu kilikuwa kimeibonyeza mpaka mwisho, chuma kimegusana na kapeti, uzito wote wa mguu uko juu yake, na mimi ningeapa mbele ya madhabahu ile kwamba nilikuwa nimeigusa tu. Nikautazama mguu. Nikauinua kwa kuutazama, ukainuka vizuri, pedali ikapanda. Nikatazama pembeni, nikaurudisha taratibu kwa uangalifu wangu wote, kama mtu anayeweka yai mezani. Nilipotazama tena pedali ilikuwa imelala.

Mzee alianza kuzungumza, haraka haraka, nadhani ili anisaidie. Akafungua kijitabu akanionyesha mahali. Kinanda kikipata stima, alisema, kitu cha kwanza ni kuiangalia pedali. Namna kinavyoikuta, ndivyo kinavyoamini kwamba huko ndiko kupumzika kwake. Kikiikuta imekanyagwa, kinageuza kila kitu, mpaka kizimwe. Ndiyo maana Alhamisi ilikuwa nzima, kwa sababu stima ilikuwa inafika kabla yangu. Ndiyo maana kile kitufe cha pedali ya jirani hakikusaidia. Hakuna kilichoharibika. Pedali nzima, kinanda kizima, hata swichi yangu ni nzima, akasema, na hapo akajaribu kutabasamu.

"Dawa ni rahisi," akaendelea. "Ukikaa, weka mguu nyuma mpaka niwashe. Imeisha."

Alikuwa amesema kweli. Wiki sita za aibu zilikuwa zimeisha kwa maneno machache, na mtu mwingine angeruka. Mimi nilikuwa bado nimeinama. Nilikuwa nimeona kiatu hewani Jumapili ile na kufurahi, na sasa nilielewa kwamba kilikuwa hewani kwa sababu nilikuwa nakitazama. Nilikuwa nimezunguka mji mzima nikitafuta kosa kwenye pedali mbili, kwa fundi, kwenye waya, kwenye swichi ya watu, mahali popote isipokuwa hapo. Niliogopa vibaya sana.

Nikafungua kamba ya kiatu. Nikavua kiatu, nikavua soksi. Mzee aligeuza uso kando kwa heshima, akidhani labda nimeumia. Nilimwona na kalamu kwenye mfuko wa shati, nikamwambia aitoe. Nikamwambia kwamba kliniki kuna kipimo ambacho nimekikwepa muda mrefu, na kwamba nataka anifanyie yeye, sasa hivi, kabla sijapata akili ya kukimbia.

"Mimi ni mtu wa stima, mwalimu," akasema.

Nikamwambia najua. Nikamweleza: nitafumba macho, naye aniguse kwa ncha ya kalamu, kidole kimoja kimoja, kuanzia kidole kidogo, kisha wayo, akirudi nyuma. Kila nikisikia nitasema ndiyo. Asinionee huruma, aguse kama anavyogusa waya anaoutilia shaka. Alipiga goti moja kwenye vigae, polepole, kwa sababu magoti yake pia ni ya uzee. Nikanyoosha mguu. Nikafumba macho.

Nje kulikuwa na mtu anayemwaga maji ya kuoshea. Mbali kidogo pikipiki ilipanda mlima ikihangaika. Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilingoja. Nilifikiri ameona haya, maana ni mwanamume mwenye adabu zake na mimi ni mjane wa rafiki yake, nimeketi kanisani mguu wazi. Nikangoja zaidi. Nilimsikia akipumua.

"Anza basi, mzee," nikasema.

Nilisikia goti lake likisogea kwenye vigae.

"Mwalimu," akasema, "nimeshafika kwa kisigino."